Jumamosi ya Kuleta Mawe

Kabla ya kupata kazi ya makumbusho nilifundisha kemia miaka kumi na mmoja katika shule ya wasichana hapa Dilala, katika mji wa migodi wa Kolwezi, shule isiyokuwa na maabara. Nilikuwa nachora chupa za majaribio ubaoni kwa chaki, na wanafunzi wananakili. Wengine walimaliza shule wakiwa hodari wa kuchora chupa ambazo hawakuwahi kuzishika. Kwa hiyo niliposikia kwamba makumbusho ya mawe na sayansi yanatafuta mtu wa kupanga shughuli za wananchi, sikungoja kushauriwa na mtu.

Makumbusho yenyewe ni nyumba moja ya zamani ya wakubwa wa mgodi, yenye baraza pana mbele na vyumba vitatu vya maonyesho. Chumba cha kwanza kina makabati ya vioo yaliyojaa mawe. Cha pili kina mfano wa shimo la wazi, kama yale ya mgodi wa Mashamba, na magari madogo ya bati yakipanda ngazi za udongo. Cha tatu ndicho watoto wanachokipenda: unachomeka kipande cha shaba na kipande cha zinki ndani ya kila ndimu, unaunganisha ndimu kadhaa kwa nyaya, na taa ndogo inawaka. Mkuu wetu alikuwa mjiolojia mstaafu, mzee mpole mwenye sauti ya chini. Nusu ya mawe yale aliyaokota kwa mkono wake mwenyewe enzi za kazi yake.

Kazi yangu ilikuwa kuwaleta watu. Shule zilikuja siku za Ijumaa, kwa mistari. Lakini watu wazima wa mtaa ule ule, wanaopita mbele ya lango kila asubuhi, hawakuingia. Niliandika matangazo, nikapeleka barua makanisani kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti, nikaandaa mazungumzo kuhusu kobalti. Waliokuja walikuwa mlinzi wetu, mkewe, na bwana mmoja aliyekuwa anakimbia mvua.

Ng'ambo ya barabara alikaa mama mmoja aliyeuza mikate ya kukaanga, mjane wa mfanyakazi wa mgodi. Nilikuwa mteja wake. Siku moja nilimuuliza kwa nini hajawahi kuingia kwetu. Alishangaa.

“Ile nyumba? Mi nilizania ni biro,” alisema, yaani ofisi. “Munaweka nini mule ndani?”

Nilimwambia ni mawe. Akacheka mpaka akaweka chini kijiko chake cha kugeuzia. Mawe! Huku Kolwezi, nani hana jiwe nyumbani? Akanieleza kwamba kila lupango, yaani kila kiwanja cha nyumba, kina jiwe lililoletwa na mtu kutoka kazini: la kuzuia mlango, la kukandamizia kifuniko cha ndoo, la urembo tu. Hata yeye analo, zuri kupita yote aliyowahi kuona.

Nilirudi ofisini nikiwa na wazo zima kichwani, na wazo lilikuwa lake. Tuite watu walete mawe yao, siku ya Jumamosi, barazani, bila kiingilio. Mzee atayatazama na kumwambia kila mtu jina la jiwe lake na namna lilivyozaliwa ardhini, nami nitaandika maelezo kwenye kadi ambayo mtu anaenda nayo nyumbani. Mzee alikubali, ila aliomba jambo moja: kipima mionzi kiwe karibu. Alisema mawe ya huku ni mazuri, lakini si yote ya kuaminiwa. Nilikiweka kile chombo chini ya meza na nikakisahau.

Walikuja wengi kuliko nilivyothubutu kuomba. Vijana wachimbaji walikuja na mawe kwenye mifuko ya plastiki, wengine wakimpima mzee kama anajua kweli, kwa sababu wao hujua jiwe kwa uzito wake mkononi. Wastaafu walikuja na vipande walivyovifunga kwa magazeti. Mzee alikwaruza mawe kwenye kigae cheupe, akachungulia kwa lenzi, akaeleza bila haraka. Mimi niliandika kadi hadi vidole vikaniuma. Nakumbuka nilijiambia kwamba hii ndiyo ile maabara niliyoikosa.

Karibu saa tano akaja mama wa mikate. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwenda misa, na jiwe amelifunga kwa kitambaa cha kubebea mtoto. Alipolifungua, waliokuwa karibu waliguna kwa kupendezwa. Lilikuwa jiwe la kahawia, na juu yake zimepangana fuwele bapa za kijani, nyembamba, ziking'aa kama vioo vidogo vya dirisha. Uso wa mzee ulichangamka kwanza. Kisha ukatulia. Akanyoosha mkono wake kwangu, nami nikaelewa anataka nini.

Nilikiwasha kile chombo na kukisogeza. Kililia kwa kasi hata milio ikaungana, mfano wa mafuta ya moto yanapopokea unga. Nami nikarudi nyuma hatua moja. Nilimshika mkono msichana aliyekuwa ubavuni kwangu nikamvuta, na nikasema kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la mwisho, kwamba mtu yeyote asiguse, ni urani.

Huku kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Baraza lilikuwa tupu kabla mzee hajapata wa kumwambia lolote. Kadi zangu zilibaki mezani, nyingine zikiwa na majina ya watu ambao hawakurudi kuzichukua.

Mama alibaki amesimama pale pale. Mzee alimvutia kiti, akaliweka jiwe ndani ya kopo na kulipeleka stoo ya nyuma, akanawa mikono, kisha akarudi akakaa mbele yake. Alimweleza kwamba jiwe kama hilo halimwangushi mtu kwa kulitazama, ila halifai kukaa na watu chumba kimoja miaka na miaka, wala kusagwa, wala watoto kulichezea. Mama aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, wajukuu wake, kwa sababu jiwe lilikuwa kwenye rafu juu ya kitanda chao. Mzee alimwambia watoto wapelekwe wakaangaliwe na daktari, na kwamba kuliondoa jiwe ndiyo kazi kubwa, nayo imeshafanyika. La pili lilikuwa la mumewe, aliyelileta jiwe lile kutoka kazini na kufa miaka mingi baadaye. Alitaka kujua kama ni jiwe lililomuua.

“Sijui, mama,” mzee alisema. “Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya, na nikisema hapana nitakuwa nakudanganya vilevile.”

Mama alikunja kitambaa chake akaenda.

Jumatatu nilipita mezani kwake saa nne na beseni lilikuwa bado limejaa. Jumatano hali ilikuwa hiyo hiyo. Alhamisi meza haikutoka. Jioni ile mdogo wangu, ninayeishi naye, aliniambia nisinunue tena mikate ya yule mama wa karibu na kazini kwangu, kwamba watu wanasema ina urani. Alinitahadharisha kwa upendo kabisa, kama mtu anayemlinda dada yake. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwangu, likazunguka mtaa mzima, na sasa lilikuwa limerudi nyumbani kwangu kama habari mpya.

Siku iliyofuata nilienda nyumbani kwa mama. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza habari za watu wangu. Hakuacha adabu hata moja. Nilianza kueleza habari za mionzi, vipimo, umbali. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza.

“Mwalimu,” alisema, “mi sikusikia ile mashini. Mi niliona paka miguu yako, miguu tu. Ulirudi nyuma.”

Nilijibu kwamba ni kweli, nilirudi nyuma, na kwamba nilimkosea. Wajukuu walipita na ndoo za maji. Wote wawili daktari alikuwa amewaona, na hakuwakuta na ugonjwa wowote. Baadaye nilimuuliza kama tungeweza kuja na mzee kupima nyumba yake na vyombo vyake, polepole, bila watu.

Alikataa hilo la bila watu.

“Balisikia ubaya mbele ya bantu bote,” alisema. “Mukikuya, muite majirani. Hata nyumba ikiwa mubaya, mutaisema mbele yabo.”

Tulienda Jumamosi iliyofuata. Njiani niliogopa, kwa sababu hakuna aliyejua chombo kingesema nini. Majirani walijaa uani, wengine wamesimama nje ya uzio wa matofali. Mzee alianza barabarani, akawasikilizisha kile chombo kikilia tik, tik, pasipo na jiwe lolote. Akawaambia kwamba ardhi yote hulia kidogo, ya huku na ya kwingineko. Kisha akapima ukuta wa kanisa la jirani, kisha mlango wa mama, kisha rafu. Kwenye rafu kililia haraka zaidi, na watu wakanung'unika. Sikujua mtu anavumiliaje dakika kama ile, lakini mama hakuinamisha kichwa. Mzee alisema wazi kwamba ni vumbi la jiwe, akaomba kitambaa chenye maji, akafuta yeye mwenyewe mara tatu, akakifunga kitambaa ndani ya mfuko kwenda nacho. Akapima tena. Tik, tik, kama barabarani.

Alipima gunia la unga, mafuta, beseni, viganja vya wajukuu. Jirani mmoja, mama mnene wa sauti kubwa, alisema chombo bado kinalia. Mzee hakubishana. Alimwomba ruhusa, wakaenda wote mpaka kwake, na ukuta wake ukalia vilevile. Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Mama alikuwa amewasha makaa wakati huo. Alikaanga bila kumkaribisha mtu. Mzee, ambaye daktari alimkataza mafuta, alikula mikate minne. Mimi nilikula mpaka nikashindwa. Jirani wa sauti kubwa alichukua ya watoto wake. Wengine walitazama, wakaaga, wakaenda zao.

Tukirudi kwa miguu, mzee aliniambia kwamba alipokuwa kijana alibeba mawe ya aina ile kwenye mfuko wa suruali, akiwaonyesha wasichana. Hakuna aliyemwambia kitu. Nilimuuliza kama anaogopa. Alifikiri, pikipiki mbili zikatupita, akasema kuogopa kumeshapitwa na wakati, ila angalipenda siku ile aambiwe, na aambiwe na mtu aliyeketi naye.

Ningefurahi kuandika kwamba mambo yalirudi kama zamani. Wateja walirudi baadhi. Baada ya mvua kuanza, mama alihamisha meza yake upande wa pili wa Dilala, karibu na binti yake, mahali ambapo hakuna anayemjua kama mama wa lile jiwe. Jiwe alituachia, kwa sharti kwamba iandikwe kuwa lililetwa na mfanyakazi wa mgodi kwa ajili ya mke wake. Sasa liko ndani ya kasha zito lenye kioo kinene, na maneno hayo yako chini yake, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chetu.

Jumamosi za mawe zinaendelea, lakini sasa sisi ndio tunaowafuata watu, katika malupango yao, hadi mji wa Fungurume. Kila jiwe hupimwa ndani kwanza, mwenyewe akiwa amekaa, na anachoambiwa ni chake. Akitaka kuwaambia wengine atawaambia. Kazi inaenda polepole zaidi. Mara moja mgeni mmoja aliyekuja kutukagua alilalamika kwamba tunawafikia watu wachache mno kwa siku. Nilimwambia ni kweli.

Mwezi uliopita nilikutana na mama sokoni, akichagua unga. Alinisalimu, akaniuliza afya ya mzee, nikamuuliza wajukuu. Mkubwa ameingia sekondari, anapenda hesabu. Tulizungumza juu ya mvua iliyochelewa. Nilitaka kumwomba aje atuone siku moja, neno lilikuwa tayari mdomoni, nikaliacha. Nilimsaidia kupandisha gunia kwenye pikipiki, dereva akalifunga kwa mipira, na mama akakaa nyuma yake, kitenge amekikusanya vizuri.

“Musalimie tata muzee,” alisema, na wakaondoka.