Siku Niliyopiga Windo Ukutani Mbele ya Wazazi

Nawasimulia haya nikiwa nimeinamisha uso, maana mpaka leo nikikutana na mzazi yeyote wa Busunzu gulioni najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mnajua mimi nafundisha hesabu, nilipangiwa huku Kibondo nikitokea Tanga, na siku hiyo kulikuwa na kikao cha wazazi kuonyeshwa matokeo ya watoto wao. Mwalimu wa taaluma, Bwana Gwimo, alikuwa ameyaweka yote kwenye laptop moja ya shule ambayo kioo chake kilishapasuka, huoni kitu mpaka uiunganishe na projekta. Basi wazazi wameshajaa darasani, laptop ikagoma, inazunguka weee halafu inajizima. Bwana Gwimo akaninong'oneza kwamba tuahirishe. Mimi, sijui nani alinituma, nikasema hiyo ni windo tu, ule mfumo unaoendesha kompyuta, imekufa, nina flashi ya kupigia windo mpya, mafaili hayaguswi, nusu saa inatosha (nilishawahi kumwona kaka yangu akifanya, mara moja, tena nikiwa nakula).

Sasa kwa ajili ya kile kioo, kila nilichofanya kikawa kinaonekana ukutani. Nikachomeka flashi, laptop haikuiona. Nikahamishia tundu la pili, nikazima, nikawasha, nabonyeza F2, F9, F12, jasho linanitoka, na kila ikigoma yanarudi maandishi yaleyale makubwa kwamba haioni cha kuwashia, na wazazi wanaguna kwa pamoja. Mzee mmoja wa mbele akaniambia kwa upole, "Buhoro buhoro, mwalimu," yaani polepole kwa Kiha. Nikatulia kidogo, nikaingia kwenye mipangilio, nikaipandisha flashi iwe ya kwanza, ikasoma. Watu wakapiga makofi, na nadhani yale makofi ndiyo yaliyoniharibu.

Maana ilipofika kwenye kuchagua diski ikakataa tena, eti diski ilivyopangwa haiendani na flashi ilivyowashwa. Nikatoka nje kutafuta mtandao, nikampigia kaka.

"Hapo kuna njia mbili," akasema. "Ya kwanza, unafuta vipande vyote vya diski."

Mlangoni, mkuu wa shule alikuwa anatazama saa yake. Nikamwambia kaka nimeelewa, nikakata.

Nikarudi, nikafuta kipande kimoja kimoja, vyote vinne, na kile kikubwa kiliponiuliza kama nina hakika nikabonyeza ndiyo, haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Windo ikaingia mserereko. Ilipowaka nikamkaribisha Bwana Gwimo afungue matokeo. Akatafuta, akatafuta tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu Zuhura, kile kipande kikubwa chenye matokeo kiko wapi?"

Simu ikaita, kaka huyo, ananieleza kwamba nilikata kabla hajamaliza, njia ya pili ilikuwa kuzima na kuiwasha flashi kwa namna nyingine, basi, bila kufuta chochote.

Ilibidi nisimame niwaambie wazazi kwamba matokeo nimeyafuta mimi, si umeme wala kompyuta (nilifikiria kuusingizia umeme, sikatai). Hakuna aliyenifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walimu wakaenda kuleta madaftari yao ya alama, tukapanga madawati, wazazi wakapita kwa kila mwalimu mmoja mmoja mpaka alasiri, na wanaotoka mbali walishaanza kuulizana watafika nyumbani saa ngapi.

Wa mwisho kwangu alikuwa mama mmoja wa Kitahana. Nikamsomea, binti yake kapata thelathini na moja.

"Anasema huwa unawagombeza kwa kutosoma swali mpaka mwisho," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akakunja khanga yake, akanishukuru, akaondoka.

Tangu siku hiyo windo ya mtu sipigi, anayehitaji namwelekeza kwa fundi Kibondo mjini. Na wale watoto bado nawaambia wasome swali mpaka mwisho, ila siku hizi nasema nikiwa nimegeukia ubao.