Gauni la Mama Lilivyotoka Jeusi

Mtu akimsema dada yangu vibaya, mimi hunishiki. Kwa hiyo habari ilipofika Mbeya kwamba mama mkwe wake mtarajiwa kule Iringa ameikataa picha yake tuliyompelekea, nilitaka kudandia lori siku hiyo hiyo nikamtukane.

Picha nilipiga mimi, kwa kamera ya sanduku niliyojifunza mwenyewe kwa kuharibu filamu. Dada alisimama mlangoni kavaa gauni jekundu. Kitambaa alinunua mama kabla hajafa, akasema, "Hili la kuolewa." Kwetu sisi wawili nyekundu ile ilikuwa mama mwenyewe, anacheka. Lakini kwenye karatasi gauni lilitoka jeusi tii, kama kaniki. Yule mama wa Iringa akasema, "Binti gani anajileta kwangu na nguo ya msiba? Anamtakia nani kifo? Habari za posa ziishie hapo."

Dada alilia hadi sauti ikakauka. Nikaapa picha nyingine itatoka nyekundu hata kwa nguvu. Nikampiga picha tena. Jeusi. Nikajifungia stoo ya mahindi kusafisha filamu ya tatu, chemli nimeifunika kipande cha kitambaa cha lile gauni kilichobaki kwa fundi cherehani. Ndivyo nilivyozoea, maana mwanga mwekundu hauunguzi filamu.

Nikaitazama ile taa. Mjinga mimi! Kama filamu haiuoni mwanga huu, gauni ingelionaje?

Nikafunga kamera, karatasi na sahani za kusafishia picha, dawa, chemli na kitambaa, nikapanda lori la mchele. Iringa nilifika nimekuwa vumbi mwili mzima.

"Kamwene, mama," nikasalimia, meno nimeyauma.

"Kamwene. Wewe ndiye mpiga picha za msiba?"

Ulimi uliniwasha, nikaumeza. Nimekuja kumtafutia dada mume, siyo ugomvi. "Nikupige picha na wewe, mama. Vaa nguo nyekundu kuliko zote ulizonazo."

"Nitavaa yangu mwenyewe. Yako sivai, utaniloga."

Akatoka na shuka jekundu la sherehe, akakaa juani kama mke wa chifu. Filamu ilipokwisha kusafishwa na kukauka nikamwomba tuingie ghalani, aone mwenyewe.

"Kijana mwenyewe ndevu tatu, ananifungia mlango!" akawapigia kelele wanawake wa nje. Wakacheka.

Nikafunika chemli, nikaiweka karatasi ya picha kwenye dawa. Likaja paji la uso, yakaja meno, likaja shuka. Jeusi tii.

Akanishika mkono. "Nimefiwa na nani?"

"Hujafiwa, mama. Filamu hii haiioni rangi nyekundu, inaweka giza tu. Dada yangu alivaa nguo aliyoachiwa na marehemu mama yetu." Nikamwonyesha kile kitambaa juu ya taa. "Hiki ndicho kilichobaki."

Akakigusa. Kilikuwa na joto la chemli, na ndani ya ghala lile kila kitu kilikuwa kimepata wekundu wa kitambaa kile, hata uso wake.

"Mwambie aje amevaa hilo hilo," akasema. "Mimi macho ninayo. Na hii picha yangu ichane, watoto wangu wasije wakaanza kunililia nami bado nakula."