Mji wa Kupita Usijulikane

Miezi mitatu kabla ya mchezo kufika Unguja, kaka yangu alirudi kutoka Maskati na jarida lililousifu kurasa nne nzima. Ni mchezo wa video wa kunyata, waliandika: mji wote uko wazi, unaingia utakako, unapita katikati ya watu na hakuna anayekujua.

Sikuwaamini hata kidogo. Walipewa bure kabla haujauzwa; nani aliyeonjeshwa pilau jikoni akasema chumvi imepungua? Na mji gani huo wa kupita usijulikane? Hapa kwetu Mji Mkongwe ukinunua pweza Darajani, jirani keshajua unakwenda kumpikia nani.

Ulipofika, duka moja nyuma ya soko likaanza kuuchezesha kwa saa. Msichana kuonekana mle ilikuwa fedheha. Nikavaa buibui la dada yangu, nikafunga ninja usoni, yakabaki macho tu, nikapitia vichochoro vya nyuma. Nikacheza. Walinzi wa mle mchezoni wakanikamata mara tisa, na kila mara nikisema moyoni: si nilijua? Waongo wale.

Wakati wa kurudi nikawakuta bibi watatu wa mtaani kwetu barazani, wanachambua mchele. Nikapita kimya, nikichelea sauti itanifichua.

"We mwanangu," mmoja akasema bila kuinua macho, "siku hizi hutoi salamu? Na buibui la dadako linatufagilia njia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, huo mchezo wenyewe mzuri, au wanausifu tu?"