Niliwaambia ni virusi, kumbe kufuli niliweka mimi

Admin, nifichie jina, maana Kolwezi ni ndogo na wateja wetu wanasoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na mbili, sijaolewa. Ni fundi katika duka la kompyuta la Tata Mukubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha, na ufundi wote nilionao nimeupata kwake.

Miaka mingi tuliuza kompyuta za mitumba bila mtu wa kutusumbua. Kisha ndugu wawili wakafungua duka ng'ambo ya barabara. Wanaleta mashine mpya, tena kwa bei nafuu kuliko zetu kuukuu. Wateja wakahama huku tunawatazama. Tata akakonda, halafu siku moja akaniita: "Mwana, soko imebadilika. Bale bauzishe mashini, shiye tutauzisha matengenezo. Mutu anunue kwetu bei ya chini, lakini kila mwezi arudishe mashini tuiangalie."

Nililipenda wazo hilo. Tatizo, watu hawakurudi. Ndipo Tata akaniagiza niweke kufuli ndani ya kila mashine: ikipita siku arobaini bila kuletwa kwetu, inajifunga, na neno la siri tunalijua sisi wawili tu. Niliuliza kama wateja wataambiwa. Akajibu, "Ukibaambia, nani atanunua?"

Niliweka. Mashine zikaanza kurudi. Kila mteja nilimwambia ni virusi, nikaingia chumba cha nyuma, nikaandika lile neno, nikakaa kidogo, nikatoka nikijifuta jasho. Duka likafufuka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila mimi niliona yangu inaendelea tu.

Juzi ikajifunga mashine ya mama mmoja, préfet, yaani mkuu wa shule ya sekondari. Ndani yake kuna faili za wanafunzi wa mwaka wa sita wanaosubiri kuandikishwa kwa mtihani wa taifa, na mwisho ni Ijumaa. Kosa lake ni kwamba alianzia ng'ambo. Wale ndugu walishindwa kuifungua. Alipokuja kwetu, Tata hata hakuigusa. "Mama, bale njo baliiharibu. Baifungue bo benyewe." Alipompa mgongo yule mama, akaniambia mimi kwamba anataka wateja wengine wapate fundisho: "Mwenye atafungua ile mashini, asiniite tena tata."

Yule mama hakubishana. Alinivuta nje, akanishika mkono. "Binti, kule banasema kuko mutu aliifunga. Mi nilibaambia hapana, ule mutoto namujua, hawezi kufanya vile. Unisaidie tu." Akaniachia mashine mikononi, akaenda zake. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa iko chini ya kitanda changu. Nikiifungua, yule mama atajua aliyeifunga ni nani, maana ameshaambiwa imefungwa na mtu, wale wa ng'ambo watatangaza mji mzima, na duka linalotulisha watu kumi na mmoja litakufa. Nitakuwa pia nimemkana mzazi pekee niliyebaki naye. Nikinyamaza, watoto wa watu watapoteza mwaka mzima kwa kufuli langu.

Na lile neno la siri ni jina la baba yangu. Tata ndiye aliyelichagua, akasema hilo hatutalisahau kamwe.

Leo ni Jumatano. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mnishauri kabla ya Ijumaa: niliandike jina hilo, au nimrudishie mama wa watu mashine yake nikimwambia nimeshindwa?