Oili ya Giaboksi Rangi Gani?

Juzi nilipita karibu na boti ya watalii pale Diani, injini yake ikiwa imefunuliwa, ikanijia harufu ya oili ya giaboksi iliyoungua. Ni harufu kali, kama sukari iliyosahauliwa motoni. Nilisimama na mkoba wangu begani, moyo ukarudi Bodo, uani kwetu.

Babangu alikuwa fundi wa injini za boti. Boti za watalii zilizochakaa zilinunuliwa na watu wa kwetu, na mara nyingi kibati chenye jina la giaboksi kilikwishaliwa na kutu. Basi ilibidi aitambue kwanza, ndipo vipuri viagizwe. Nami alinifundisha. Ile ya kale, ya mkono, huingia gia kwa kishindo, na oili yake ni nzito kama asali. Ile inayosukumwa na oili huingia taratibu, na oili yake nyepesi, nyekundu kama sharubati. Ikiwa nyeupe kama tui, maji ya chumvi yameingia.

"Mwanasiti, rangi gani?" alikuwa akiniuliza, kijiti cha kupimia oili kikichuruzika mkononi mwake.

Nikimjibu, aliisugua oili kwa vidole, akainusa, kisha akaniambia, "Umeona vyema, mama."

Nilivimba kwa fahari. Shangazi zangu walilalamika kwamba mtoto wa kike ananuka dizeli, naye Baba akawajibu kwamba macho hayana pazia, mwacheni atazame.

Siku moja mamangu alinichukua kwenda arusini Munje. Nyuma yetu, mtu wa Majoreni alileta boti yake, Baba akaikagua peke yake na kumruhusu aondoke. Giaboksi ilikwama mbele ya kisiwa cha Funzi, yule bwana na wanawe wakachukuliwa na mkondo hadi wavuvi walipowavuta pwani. Walisalimika, alhamdulillahi.

Alikuja kwetu kesho yake, tukiwa tumesharudi. Hakugomba. Alisalimia, akaketi, akasema polepole, "Fundi, oili ilikuwa nyeupe pepepe. Hukuiona?"



"Sikuiona," Baba alisema. "Siku hizi sioni, ndugu yangu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kujua. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemfika machoni, na Mama alikuwa akijua. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, si kwa kumhurumia. Nililia kwa kuwa nilijidhania mwanafunzi, kumbe nilikuwa kurunzi tu. Baba hakushika tena spana. Boti zikapelekwa kwa mafundi wengine, na kabla ya mwaka kwisha giza likamfunika kabisa. Nami nikawa sikai naye tena barazani.

Idi iliyofuata, Mama alinunua leso mpya, ghali kuliko tulivyozoea. Nilikasirika. Nilimuuliza anajipambia nani, ilhali Baba haoni.

"Si utamwambia wewe," alinijibu, akaendelea kuifunga.

Nilimwendea Baba barazani nikamwambia kwamba ni ya rangi ya chungwa, na pindo jeusi. Alitabasamu kwa muda mrefu, akaniomba nimwambie tena.

Baba amekwishafariki, Mungu amrehemu. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba Mama hakuwa akinituma kwa Baba siku ile. Alikuwa akinirudisha kwa Baba, kwa kuwa aliona nimeanza kumkwepa.