Mama Miche na Shati Langu la Bluu

Mke wangu watu walimwita Mama Miche. Mimi kazi yangu ilikuwa kupasua mbao. Yeye anapanda, mimi nakata. Majirani walisema nyumba yetu ina ugonjwa na dawa chini ya paa moja. Nani ugonjwa, hawakusema.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na mkaidi. Akisema hapana, hata ng'ombe wa jirani alisimama.

Alitaka meza. Si meza ya kuwekea taa. Meza ya kukaa watoto wetu wote kwa pamoja, na wakwe, na wajukuu watakaokuja, mtu asile amepakata sahani. Mimi mpasua mbao, na nyumbani kwangu hakuna meza. Ndiyo hivyo, mganga hajigangi. Mbao nilizopasua zilikuwa na wenyewe. Na miti ilikuwa inaisha. Kilima nyuma ya nyumba kilikuwa na upara kama wangu. Fundi seremala aliagiza mbao kutoka mbali, zikafika zimejikunja, na bei yake ya kukufanya ukae sakafuni kwa hiari.

Mke wangu akamfuata fundi karakanani.

"Shemeji, nitengenezee meza."

"Mbao iko wapi?"

"Nitaipanda."

Fundi alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. "Shemeji, mpaka miti hiyo iwe mbao, mimi nitakuwa udongo."

"Basi utakuwa mbolea. Itakua upesi."

Wakati ule serikali ilikuwa na mpango. Anayekubali kupanda kilimani anapewa miche bure, na bwana miti wa kumwonyesha kazi. Miti ikikomaa, kibali cha kukata kinatolewa na mashine ya kupasulia inaletwa. Maneno mazuri. Ila bwana miti alikuwa na pikipiki isiyo na mafuta, akaja kwa miguu, kofia ya pikipiki kwapani. Na miche ililetwa lori zima mvua ikiwa inaaga. Wengi waliikataa. Mke wangu akachukua yake na yao.

"Mche haujui kwamba umechelewa," alisema.

Tulibeba maji kwa ndoo, sisi na watoto, mpaka shingo zikaingia mabegani. Tena aliipanda karibu karibu, maana hakuna mche aliotaka kuuacha. Nilimwambia inabanana. Akanijibu ningoje zamu yangu.

Miti ikashika. Ilipopita paa la nyumba ndipo bwana miti alipokuja na habari.

"Mama, imebanana. Inagombania jua, yote imekuwa myembamba. Lazima tuipunguze. Ukiiacha hivi utapata fito za banda la kuku. Mbao hutaiona. Na shamba lisilopunguzwa, mashine haiji."

Yaani meza ndiyo ilikuwa inaondoka. Mke wangu alielewa vizuri. Akapewa furushi la vitambaa vyekundu, afunge miti ya kukatwa.

Alifunga asubuhi, akafungua jioni. Nikienda na msumeno, mti niliouona na kitambaa jana, leo hauna.

"Huyu nilimsingizia," anasema.

"Na yule?"

"Yule ana kiota."

"Huyu je?"

"Huyu anajitahidi, baba watoto. Humwoni?"

Kulikuwa na mmoja aliyepinda katikati kama mzee anayetafuta sindano. Alimwita Kibyongo. Mtu yeyote mwenye macho angeanza na huyo. Mke wangu, kila akipita, alimpapasa mgongo.

Msimu ukaisha, hata mti mmoja haujakatwa. Bwana miti akarudi, safari hii na mafuta, maana pikipiki tuliisikia toka mbali na watoto wakapiga makofi. Alitazama miti, akakaa juu ya gogo, akafikiri.

"Mama, tugeuze. Usifunge wa kukatwa. Funga wa kubaki. Vitambaa ni hivi tu, vikiisha vimeisha. Asiye na kitambaa ni wa mzee."

Mzee ndiye mimi.

Hapo mke wangu alipata nguvu. Kuchagua wa kufa kulimshinda. Kuchagua wa kuishi aliweza. Kibyongo alipata kitambaa cha kwanza kabla hata ya salamu. Halafu akazunguka mti kwa mti, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anafunga. Vikaisha.

Kesho yake nikatafuta shati langu la bluu, sikuliona.

"Mama watoto, shati langu liko wapi?"

"Lipi?"

"Kwani ninalo lingine?"

"Liko shambani."

Nilidhani ameliazima kulimia. Nikaenda. Lilikuwa limechanwa vipande, kila kipande na mti wake. Pazia la dirishani lilikuwepo pia. Na shuka letu la maua.

Bwana miti alipokuja kukagua alisimama mbele ya mti wenye shuka.

"Mama, serikali haina kitambaa cha maua."

"Labda mmebadilisha."

"Hata bluu hatuna."

"Hiyo ni ya mume wangu. Naye ni raia."

Alicheka mpaka akaegemea mti. Kisha akakaza uso. Maua yatoke, pazia litoke. Akakivua kitambaa chekundu cha Kibyongo, akamfunga jirani yake aliyenyooka. "Chekundu ni cha mti wa mbao," alisema. "Bluu nakuruhusu kimoja. Chagua."

Hakuchagua. Alikwenda moja kwa moja kwa Kibyongo, akamfunga mkono mzima wa shati langu, fundo juu ya fundo.

Nikakata. Yeye alikaa jikoni, redio kaifungulia yote ili asisikie msumeno. Jioni akatoka, akaingia kati ya miti iliyobaki, akaangalia juu.

"Kumbe huku kuna mbingu," alisema.

Miti ikanenepa. Miaka ilipita. Kibali kilichelewa, mashine ikachelewa zaidi, kuna wakati tuliambiwa mhuri umesafiri. Lakini vilifika. Na fundi hakuwa udongo. Alikuwa mzee kama mimi, akaipiga randa meza ile kwa mkono wake, huku anakohoa na kujisifu. Tukaibeba mpaka nyumbani. Haikupita mlangoni.

"Ng'oeni mlango," mke wangu aliamuru. "Mbao za mlango mwingine ziko kilimani."

Tulikaa wote. Hakuna aliyepakata sahani. Yeye mwenyewe hakula, alikuwa anatuangalia tu.

Mwaka jana alifariki. Kiti chake kiko palepale. Mjukuu akikikalia, simwondoi.

Juzi alikuja bibi miti, binti mdogo. Yule bwana miti wetu alishastaafu. Akazunguka shamba, akafika kwa Kibyongo.

"Babu, huyu vipi? Anakula nafasi ya wenzake. Tumtoe."

"Huyo ana kitambaa."

Akauzunguka mti. "Mbona sikioni?"

"Kiko ndani. Gome limekimeza."

Aliniangalia kama mtu anayejiuliza watoto wangu wako wapi, waje wanichukue. Nikamwonyesha. Pale gome limevimba kama mkanda, na ukichungulia vizuri kuna uzi wa bluu. Nikamweleza habari ya shati. Alicheka mpaka akafuta macho, akaenda kwenye mti mwingine.

Kabla hajaondoka akapita upande tuliovuna. Nimepanda upya. Miche ililetwa mvua ikiwa inaaga, kama kawaida yao. Majirani waliikataa. Nikachukua yangu na yao.

"Babu, mbona umeibananisha hivi? Itakuja kukutesa siku ya kupunguza."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mashati ninayo.