Baba Anaumwa, Njoo

Asubuhi ile nilikuwa chumbani kwangu Iringo, Musoma, nikiandika maelezo ambayo watu wachache sana watayasoma. Yanahusu kiini cha mfumo endeshi, ile programu inayosimamia kompyuta nzima, na jinsi prosesa kadhaa, yaani bongo za kompyuta, zinavyotumia kumbukumbu moja. Nilikuwa kwenye sehemu iliyonitoa jasho. Prosesa moja inaandika taarifa, kisha inaweka alama kwamba taarifa iko tayari. Nyingine inaweza kuiona alama kabla taarifa yenyewe haijafika.

Saa tatu ujumbe wa dada yangu ukaingia kutoka kijijini kwetu, Bunda, alikokuwa akimuuguza baba. "Kaka, baba anaumwa. Njoo nyumbani."

Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Bibi alipofariki niliambiwa anaumwa, njoo. Baba mdogo alipofia machimboni Buhemba niliambiwa ameumia kidogo, njoo. Huulizi. Unafunga safari, unaukuta msiba. Kwa hiyo nilijua. Nililaza kichwa mezani nikalia kama mtoto.

Kisha sikuharakisha, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Aliyekufa hanisubiri, nilijiambia. Nikarudi kwenye maelezo, nikamalizia sehemu ile kwa maneno haya: "Usidhani kwamba kwa kuwa umeiona alama, jambo lenyewe limekwisha kutokea. Hakikisha kwanza." Nikayatuma kwa wenzangu wa kazi. Nikaoga. Nikapita dukani kununua sukari na majani ya chai kwa ajili ya waombolezaji, nikajiona mtu mzima anayejua kubeba mambo. Mjinga mimi.

Nilishuka kwenye basi, nikafika nyumbani saa tisa. Uani hapakuwa na turubai wala viti. Nilisimama na mfuko wa sukari mkononi. Kilio ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza ndani. Dada akatoka, khanga ikiburuzika, akaniona.

"Kaka, ulikuwa wapi? Baba ametutoka sasa hivi. Tangu asubuhi alikuwa anakuuliziaga wewe tu. Pikipiki ikipita, anasema, huyo ni yeye?"

"Nilidhani tayari," nikasema. "Uliposema anaumwa."

Alinitazama bila kuelewa. Alipoelewa, alikaa chini pale pale mavumbini.

"Sasa ningesemaje, kaka? Alikuwa anaumwa kweli."

Sukari ile ilitumika kwenye chai ya matanga. Mimi sikuinywa.

Niliporudi Musoma nilikuta wenzangu wameshayasoma maelezo. Walirekebisha mengi, lakini sentensi zile za mwisho waliziacha kama zilivyo, wakasema hazihitaji hata mfano. Nilizisoma tena na tena. Nilikuwa nimeziandika saa nne asubuhi, baba akiwa hai, akisikiliza pikipiki.